Mgeni Anasubiri Modemu

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo wewe, mume wako na huyo Mgeni wetu mchanga? Mimi mzima. Goti linanisumbua, nalo nimeshalizoea.

Picha ya mtoto imefika. Mzuri, lakini amelala, na vitoto vilivyolala vyote sura moja. Umeniomba nimpe jina. Nitampa, ila siwezi kumpa mtu jina kabla sijamwona akikunja uso na kuukunjua. Vumilieni.

Sasa kuna balaa. Ile Linux mpya ya kuendeshea kompyuta uliyonitumia kwenye flashi nimeiweka mwenyewe, hatua kwa hatua kama ulivyoandika, na imekubali. Herufi kubwa, kila kitu shwari. Lakini modemu, kile kidude cha intaneti, imenigomea. Toleo la zamani lilikuwa likiitambua mara tu ninapoichomeka. Hili jipya linaniambia nimeingiza sidii. Sidii gani? Nimeigeuza modemu pande zote, sioni hata pa kuipitishia.

Unajua simu haina maana kwangu tangu misumeno ya kiwandani ilipokula masikio yangu. Nisipokuona kwenye kioo cha kompyuta nikakusoma midomo, nimebaki na posta. Nifanyeje?

Baba yako

12 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Huku wazima sote. Mgeni anakula, analala, anadai kula tena. Goti lipake dawa, usiifiche kabatini.

Hongera kwa kuweka Linux peke yako. Mimi huku maktabani kompyuta ya kwanza niliiharibu kabisa, na nilikuwa na mtu pembeni ananielekeza. Kuhusu modemu, jaribu tundu la upande wa pili, halafu izime kompyuta na kuiwasha tena. Na usisahau: kabla ya kuchomoa chochote, bonyeza kwanza kile kimshale cha kutoa kilicho kando ya jina lake.

Fanya haraka, Baba. Muuguzi wa kliniki ameanza kumwita "Mheshimiwa", naogopa litamganda.

Mwanao

23 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na salamu kwa Mheshimiwa. Dawa nimepaka, naomba uniamini.

Tundu la pili, bila bila. Kuzima na kuwasha, bila bila. Kila jioni nikifunga karakana naichomeka, nakitazama kitaa chake cha kijani kikikonyeza, naambiwa sidii, nabonyeza kimshale chako, nachomoa, naenda kulala na hasira. Kimshale sikiruki. Mimi ni seremala, sichomoi kitu kabla hakijasimama.

Nasema ukweli, nimenuna. Nimetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu, halafu kidude cha ukubwa wa kidole kinanifungia mlango wa mjukuu wangu. Kama mmechoka kusubiri, mpeni jina wenyewe. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Baba

1 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hatumpi jina. Mume wangu anasema hata akianza shule anaitwa Mgeni, tutakusubiri. Nimemwandikia fundi kompyuta wetu aliye likizo, akijibu tu nitakuandikia. Usinune, tafadhali.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo mara kumi. Kaa chini usome.

Jana nilichomeka, nikaambiwa sidii, nikabonyeza kimshale. Mkono umefika kwenye modemu niichomoe, pua ikanasa harufu ya gundi. Nilikuwa nimebandika kopo la gundi jikoni, nikalisahau. Nikakimbia, goti na kila kitu. Gundi imeungua, sufuria ya chini yake usiiulize.

Narudi, kile kitaa hakikonyezi tena. Kimetulia, bluu. Na pembeni ya kioo pameandikwa jina la kampuni yangu ya simu. Sijagusa kitu tangu hapo, hata chakula silii mezani hapo. Nimefanya nini?

Baba yako, anayenuka gundi

11 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nimemwamsha Mgeni.

Fundi wetu amenieleza. Modemu kama yako ikichomekwa hujifanya sidii kwanza. Kompyuta ikishaitoa hiyo sidii, ndipo inageuka modemu. Toleo la zamani lilikuwa linaitoa lenyewe kimyakimya, hili jipya bado halijaijua ya kwako. Kwa hiyo kila jioni ulikuwa unaiamsha, halafu unaichomoa kabla haijasimama wima. Bonyeza kimshale, halafu kaa mbali nayo. Ikiwa bluu, bonyeza jina la kampuni. Jumapili ya tarehe 19, saa kumi, tupo kwenye kioo.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Jana tumeonana, lakini lile nililolisema nikilia najua hukulishika vizuri, kwa hiyo naliandika.

Mgeni alipoanza kulia ukaziba masikio. Nikafurahi, kwa sababu mimi nilimtazama tu, mdomo wote wazi, wala hakunisumbua. Halafu akanyamaza, akapiga miayo. Mdomo ukaanza kufunguka kushoto, kulia ukafuata umechelewa. Binti yangu, mimi naishi kwa kusoma midomo ya watu, na ule nimeusoma miaka thelathini mezani kwangu. Ni wa marehemu mama yako. Sikudhani nitauona tena.

Basi mpe jina la mama yako, na kliniki waambie Mheshimiwa ameondoka.

Jumapili ijayo mlete mapema kabla hajasinzia. Modemu iko bluu, na kopo la gundi nimelitoa nje.

Baba