Rovu la Mpima Kahawa

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa moja kasorobo nimefungua stoo. Mvua ya usiku kucha, milima haionekani. Magunia ishirini na matatu kabla ya chai. Nimepima yote. Mkono wa kulia unatetemeka. Nimeuficha nyuma ya magunia.

Kazi yenyewe si ngumu. Gunia linaning'inia kwenye ndoano, nalituliza kwa mkono, naachia, mshale unasimama, nataja kilo kwa sauti. Mkulima anazirudia kwa sauti. Hapo ndipo karani anaandika. Mkulima akinyamaza, hakuna kilichopimwa. Hapa kwetu Bwera ilikuwa hivyo kabla yangu. Walinichagua kwa sababu ya koo: miaka ishirini na miwili jeshini, sauti ya gwaride bado ninayo. Mpaka leo naitwa Afande.

Leo mshale haukutaka kusimama. Mara tatu.

Nimekula sahani mbili za bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, na suruali bado inashuka. Moyo unakimbia hata nikikaa. Alhamisi majibu ya damu, Kasese.

Alhamisi, 9 Oktoba

Masika, binti yangu mkubwa, amefunga duka lake la vitenge ili anisindikize. Daktari ni kijana, anaongea polepole. Nimempenda. Ameniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza. Aibu.

Ni rovu. Uvimbe huu wa shingoni ninao tangu utotoni. Kule juu mlimani nilikozaliwa lilikuwa kitu cha kawaida, kama kovu la jembe. Wazee walisema ni njaa ya chumvi. Mama alikufa nalo. Jeshini walinitania tu. Sasa, na miaka hamsini na tisa, tezi imeanza kufanya kazi kupita kiasi na inaukimbiza mwili wote kama injini iliyokwama kwenye resi. Kwa nini sasa? Daktari naye amejiuliza.

Njia ni tatu. Vidonge kila siku: vinatuliza, lakini rovu la aina yangu haviliponyi, ukiacha linarudi. Na nikishikwa na homa na koo kuuma, niviache nikimbilie hospitali, maana mara moja moja vinaharibu damu. Au upasuaji, Kampala. Haraka, kwisha. Ila mshipa wa sauti unapita hapo hapo, na mara chache unaguswa. Mara chache, amelirudia neno hilo. Au iodini yenye mnururisho, Kampala pia: unameza, tezi inaila, inajichoma yenyewe taratibu kwa miezi. Hizi mbili za mwisho zinaweza kuilaza tezi kabisa, halafu kidonge kingine mpaka kaburini.

Kwanza vidonge, moyo utulie. Kuna kidonge kingine cha kuzuia kutetemeka lakini hakunipa kwa sababu nina pumu. Baadaye nichague.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naogopa. Basi, nimeandika.

Mkono ukipona na sauti ikapotea, nitapima kama bubu? Sauti ikibaki na mkono ukacheza, nani ataniamini?

Jumanne, 21 Oktoba

Siku mbaya.

Mzee Baluku ameleta magunia manne. Huyu tunafahamiana tangu nilipotoka jeshini, kahawa yake safi, mdomo wake mchungu. Gunia la kwanza nimetaja sitini na moja. Kimya. Nimetaja tena. Kimya. Watu wote wamegeuka. Halafu akasema, "Pima tena, Afande. Mukono yako inacheza, na kilo yangu inacheza nayo." Nimepima tena. Mshale umesimama sitini na tatu.

Sitini na tatu! Alikuwa na haki. Wengine wamecheka kidogo, wengine wameangalia chini. Hao walioangalia chini ndio wameniumiza.

Jumatano, 22 Oktoba

Mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika ameniita pembeni. Kwa heshima, lakini ameniita. Nimeondolewa kwenye mizani mpaka nipone. Nisipopona msimu huu, atapewa mwingine moja kwa moja. Sasa nahesabu magunia matupu.

Sawa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Nimekasirika vilevile.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani wananiangalia nguo zinavyoning'inia. Najua wanachodhani, mtu akikonda siku hizi ugonjwa wake una jina moja tu. Nimeimba kwa nguvu kuliko kwaya, makusudi. Biira, mke wangu, amenikanyaga mguu.

Anajitahidi, maskini. Kila asubuhi chai ananiletea mwenyewe, anasimama mpaka nimalize kikombe. Zamani alikuwa ananiambia nenda kajimiminie.

Alhamisi, 6 Novemba

Kasese. Damu imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

Daktari ameuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Hapana. Mitishamba? Hapana. Matone, ya kikohozi, chochote chenye iodini? Hapana! Akaniangalia. Anafikiri simezi vidonge vyake. Mimi, mtu wa kumeza kwa saa! Nimetoka bila kuaga vizuri na Masika amenigombeza hadi barabarani.

Amesema vidonge vikiendelea kushindwa, itabaki upasuaji, na kwa moyo unaokimbia hivi upasuaji una hatari. Nimeanza kufikiri nani atapewa ile mizani. Nimeona hata sura yake.

Jumamosi, 8 Novemba



Jana jioni nilimweleza Biira maswali yote ya daktari, moja moja. Nilipofika kwenye matone aliinuka akaenda kufunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa tayari. Leo baada ya chai ameweka chupa ndogo ya kahawia mezani, kando ya vidonge vyangu. Nimeinusa. Iodini.

Aliinunua soko la Mpondwe mwezi wa sita, kwa mama mmoja aliyevuka kutoka Congo. Yule mama alimwambia, "Hii inamalizaka rovu yote." Matone kumi kwenye chai yangu kila asubuhi. Moyo ulianza kukimbia mwezi wa nane. Nilipopewa vidonge akaongeza yakawa kumi na tano, eti visaidiane.

Miezi mitano! Nimepiga meza. Nimemwita adui mbele ya jirani. Yeye akasema neno moja tu: "Mama yako alikufa nalo, Baba Masika. Nilikuwa namshika kichwa. Wewe ulikuwa vitani."

Nimetoka nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Hatusemezani. Nimejichemshia chai mwenyewe, mbaya kabisa.

Mchana nimefikiri vizuri. Kila mtu wa mlimani anajua rovu ni njaa ya chumvi, na iodini ndiyo inayotiwa kwenye chumvi. Mimi pia. Kama ningepita sokoni siku ile, ningeinunua mimi, na ningetia ishirini. Yale maneno ya jana juu ya nguo nayafuta.

Sijamwambia bado. Kiburi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia. Amelia, halafu ameniuliza kama nimekula. Chupa tumeitia chooni.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumekwenda wote wawili. Biira amevaa gomesi ya Krismasi kama anakwenda kuhukumiwa. Daktari hakumgombeza. Ameandika yote, kisha ameeleza: rovu lililokulia kwenye njaa ya iodini likimwagiwa iodini nyingi ukubwani linaamka na fujo. Kumbe wazee hawakudanganya. Chumvi ingemfaa yule mtoto niliyekuwa. Huyu mzee imemchelewea.

Nimemwomba radhi kwa kutoaga siku ile. Amecheka.

Sasa njia ya iodini ya Kampala imefungwa kwa muda. Mwili umeshiba matone, tezi haitaila ile ya mnururisho. Tusubiri miezi miwili, vidonge vifanye kazi bila kupigwa vita ndani ya nyumba. Upasuaji bado upo, moyo ukitulia. Biira ameuliza swali moja: nikimeza hiyo ya mnururisho, yeye alale wapi? Kitanda kingine, siku chache. Amesema chache ngapi? Huyu mwanamke.

Jumatano, 3 Desemba

Kipimo cha tezi kwenye damu kimeshuka! Hakijafika pazuri, lakini kimeshuka. Nimeongezeka kilo mbili na nusu, nimejipima stooni wakati hakuna mtu.

Kila asubuhi Biira ananiwekea karatasi juu ya vidole, kama daktari. Leo imelala. Ameitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimerudi kwenye mizani. Mwenyekiti amesimama kando magunia kumi ya kwanza, kisha ameenda zake. Wakulima wamenijibu. Baluku hakuja.

Na leo nimeamua. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta njia isiyo na uzito. Haipo. Vidonge peke yake: vinanifaa sasa, lakini ni kulinda mlango wakati adui amelala chumbani. Nikivikosa wiki mbili, mwanzo tena. Upasuaji: wiki chache na kwisha, na kusema kweli askari ndani yangu anapenda kitu cha kwisha. Nilikaribia kabisa kusema ndiyo. Daktari wa Kampala kwa simu amesema hatari ya sauti ni ndogo. Naamini. Lakini rovu halinibani pumzi, hakuna anayenikimbiza, na hiyo ndogo ikiniangukia mimi, inaniangukia yote. Iodini ya mnururisho: polepole, huenda nikarudia mara ya pili, huenda kidonge cha kila siku maisha yote. Kidonge namudu. Nimemeza amri miaka ishirini na miwili.

Iodini, basi. Januari. Masika amesema nimechagua vizuri. Biira amesema mradi haimwagwi kwenye chai.

Ijumaa, 2 Januari

Maandalizi. Mpaka siku ya dawa, hakuna chumvi ya pakiti, hakuna samaki wa chumvi. Chumvi ya Katwe je? Daktari hajui kama wameichanganya iodini, kwa hiyo acha zote. Mtu wa Kasese bila chumvi, wakati ziwa la chumvi liko pale! Maharage yamekuwa udongo. Siku tano za mwisho naacha na vidonge pia, ndiyo amri.

Jumamosi, 10 Januari

Asubuhi karatasi imetikisika kidogo. Nimeacha vidonge tangu Alhamisi, nilijua. Jumatatu naondoka kwenda Kampala, dawa Jumanne.

Kahawa ya mwisho mwisho, wakulima wachache. Saa nne Mzee Baluku ameingia na gunia moja. Sikutaka kujificha tena. Nimemwambia mbele ya karani: nimeacha dawa kwa amri, mkono utacheza, kama anataka apime mwingine. Ameniangalia shingoni, halafu mkononi. Ametundika gunia mwenyewe, akalituliza kwa mkono wake, akaachia, akarudi nyuma hatua mbili. Mshale ukasimama.

"Hamsini na nane!" Mpaka njiwa wa paani wameruka.

"Hamsini na nane," amejibu, kabla sijafunga mdomo. Karani ameandika.

Jioni maharage na bundu, bila chumvi. Biira amejipakulia kutoka chungu kile kile. Nimemwambia ya kwake aweke chumvi, yeye hajakatazwa. Amesema amezoea, ni tamu hivi hivi.

Mwongo. Amemaliza sahani yote.