Sukari Niliyoiona Ikiingia Mara ya Pili

Jumatatu. Joto tangu asubuhi, na ziwa halitoi hata upepo wa kutikisa nguo kwenye kamba. Sijaenda sokoni. Sina uso wa kukaa nyuma ya meza nikiulizwa habari za dada yangu.

Kila anayekuja kutupa pole anasema ni bahati mbaya.

Si bahati mbaya.

Mimi na Yaya Odeti, dada yangu mkubwa, tunapika bia ya mtama na kuiuza kwa chupa hapa Nchelenge. Siku ya kujaza chupa, bia hutiwa sukari kidogo ya mwisho ili ipate gesi. Mimi huichemsha na maji na kuimimina yote kwenye ndoo. Yaya ana mtindo wake wa tangu alipokaa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo: kijiko kimoja kidogo katika kila chupa. Hufanyika hivi au vile, si vyote viwili, gesi isije ikazidi, kwa hiyo siku zote tunaulizana kwanza.

Jumatano hatukuulizana. Tulikuwa tumenuniana tangu Jumapili, nilipomwambia, tukiosha sahani, kwamba ni kelele zake zilizomfanya mume wake avuke ziwa na kurudi Pweto bila yeye. Ulimi wangu ndivyo ulivyo. Na sikuomba radhi.

Sukari yangu ilikuwa tayari kwenye ndoo. Nikageuka, nikamwona Yaya anatia kijiko chake katika chupa, moja baada ya nyingine. Niliona vizuri. Neno moja lingetosha, lakini nilitaka aanze yeye kusema nami. Na nikiri yote: nilifurahi kidogo. Niliwaza bia itamwaga povu mbele ya wateja na yeye ndiye atakayeaibika. Basi nikajaza chupa, naye akafunga vifuniko.

Jumamosi aliinama kuvuta kreti kutoka chini ya meza. Chupa ikampasukia usoni.

Hospitalini wamemfunga macho yote mawili ili lile jicho zima litulie. La kushoto, daktari ametuambia, halitaona tena. Leo mchana nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono. Tangu tugombane hakuwa amesema nami neno.

"Mudogo, unisamehe. Ni miye njo nilitia sukari mingi. Afazali ilinipata miye, hapana weye."

Nilimwambia anyamaze, ale uji kabla haujapoa.

Hapa ninapoandika, chupa nyingine imepasuka chini ya gunia bichi nililozifunikia zile zilizobaki. Naogopa hata kulisogelea. Nikifumba macho namwona anachota sukari, kijiko kimejaa sawasawa, anavyofanya kila kitu kwa uangalifu.

Kesho asubuhi watamfungua. Nitafika kabla ya daktari, nimwambie akiwa bado amefungwa. Najijua: akinitazama kwa lile jicho moja, nitanyamaza tena.