Uso Ulioufunika

Lurujo, Koboko
14 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Margarita,

Salamu kutoka kwetu sote. Kifua kinaendeleaje huko Masindi? Au bado unabishana na manesi kuhusu dawa? Sisi tu wazima, mihogo imekubali, na Tombe amenunua pazia jingine zito. Nyumba sasa ni giza hata saa sita mchana. Watoto wa jirani wanatuita popo, nami sikasiriki, maana jua linatuumiza kweli.

Shangazi, nina mimba ya miezi sita. Sikukuambia mapema kwa sababu naogopa.

Unakumbuka ulivyotucheka mimi na Tombe tulipokutana kwenye benchi la kliniki ya macho Arua, kila mmoja na kofia hadi puani. Nilifurahi kupata mtu mwenye macho kama yangu, meusi katikati, bila ile duara ya rangi. Niliona ni bahati.

Sasa daktari ametueleza. Kuna jeni inayoongoza kuumbwa kwa macho na ubongo. Kila mtu ana nakala mbili, ya mama na ya baba. Mimi nina moja mbovu, Tombe naye moja, ndiyo maana macho yetu yako hivi. Mtoto akirithi zote mbili mbovu, macho hayaumbiki, ubongo nao haukamiliki, na hawezi kuishi.

Akaniuliza mtoto wetu wa kwanza alikuwa na sura gani. Wewe ndiye uliyempokea pale Logiri, ukamfunga kitenge kichwa chote, ukaniambia, "Wacha, mama. Mutoto iko nalala tu." Nilimbeba hadi kaburini bila kumwona. Mkono wangu ulipita juu ya kitenge, pale pa macho, nikahisi pako tambarare. Miaka mitatu nimejiambia ilikuwa mikunjo ya nguo.

Wewe sikulaumu. Mama mkwe anasema nilimuua kwa kulima hadi mwezi wa mwisho. Niandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya, nijue cha kumwambia daktari na cha kujiandaa nacho.

Nisalimie Juliet na Swaka. Mungu akuponye kifua hicho, akupe usingizi mzuri.

Nilitaka kufunga barua bila kukuambia hili. Nimepigwa skani mara tatu. Moyo wa mtoto unapiga vizuri. Lakini kila mara amefunika uso kwa mikono yake miwili, vile vile ulivyomfunika ndugu yake.

Mwanao akupendaye na anayesubiri jibu,
Lillian Mindra