Kwa Shangazi, Uliyewafuata Watoto Wetu Majumbani

Mwaka umezunguka, Shangazi, tangu ulipotutoka, na mimi bado sijatulia. Hodi ikipigwa mchana nainuka haraka, nikidhani ni wewe na mkoba wako wa nyuzi.

Ulikuwa fundi cherehani hadi macho yalipochoka. Ndipo ukasomea kuwahudumia watoto waliovurugika moyo, ukawa unawafuata majumbani, mtaa kwa mtaa. Watu walisema wamepagawa. Wewe ulisema, "Wamelemewa. Hata punda akilemewa hupiga teke."

Siku ya kwanza ulipomjia binti yangu, uliyempa jina la Cheche, alikuwa chini ya meza, anang'ata kila mkono unaomkaribia. Ukatutoa nje sote, tukabaki kuchungulia. Ukageuza kigoda, ukampa mgongo, ukaanza kufumua sweta kuukuu. Akakurushia kandambili. Ukasema bila kugeuka, "Moja tu? Nitatembeaje na moja, mke mwenza?" Akakurushia ya pili. Hadi jioni alikuwa amekaa kando yako, anavuta uzi.

Baba Mkubwa alipotaka apelekwe kituo cha mbali, cha kulala huko huko, ulimkatalia. "Kaka, mtoto haponi kwa kufichwa. Atapona hapa hapa, kwa kelele zetu hizi." Akayaacha mbele yako. Ulipoondoka, akayaanza upya.

Baada ya maziko Cheche alivunja vyombo. Tukakumbuka dawa yako, sote kwa pamoja: mimi, mume wangu, Baba Mkubwa na bakora yake, hata jirani aliyekuja kuamua. Tukampa mgongo, tumejipanga ukutani kama watu wanaosubiri kupekuliwa. Tulisahau kwamba wewe ulikuwa ukitutoa nje kwanza. Kisha sauti ya Cheche: "Mnaangalia nini ukutani?"

Baba Mkubwa akajibu, "Hata mimi sijui, mama."

Akacheka, Shangazi! Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Lakini kucheka si kupona. Kuna siku anajifungia chumbani, nami nazunguka mlangoni kama kuku anayetaka kutaga. Yule kijana uliyemfundisha kazi anakuja kila wiki. Ana haraka kidogo, na sweta anafumua vibaya ajabu, ila Cheche anamsahihisha. Shule nayo imesema: akirudishwa nyumbani tena kwa kung'ata wenzake, hawatampokea. Maana yake ni kile kituo.

Leo amerudi darasani. Naandika haya kwenye benchi nje ya lango, masikio yote dirishani. Punde nikasikia kelele, nikasimama. Mwalimu wake akatoka.

"Mama Cheche, bado upo tu?"

"Kafanya nini?"

"Wanagombania rangi na mwenzake."

"Kamng'ata?"

"Hajamng'ata. Kaja mbio kunishtakia, kama wenzake wote. Humu ndani tuna mahakama nzima. Nenda nyumbani, dada yangu."

Sijaenda, Shangazi. Nitakwenda, lakini kwanza nikumalizie barua hii.

Tunaokukumbuka ni mimi binti wa ndugu yako, mume wangu, Baba Mkubwa, ambaye wiki hii hajakitaja kituo, mwanafunzi wako wa kazi, na wazazi wa watoto wote uliowabishia hodi. Cheche naye yumo, ila hakuweza kuwa nami hapa kukuandikia. Ana kipindi cha hesabu.

Tutakukumbuka siku zote.