Gunia Kwenye Kiti Changu

Mpendwa kaka Projestus,

Najua huwezi kuisoma barua hii. Habari ya kuondoka kwako ilinikuta kwenye shamba la mkonge nikiwa na kisu mkononi, na tangu saa ile sijapata wa kumwambia, maana hapa Korogwe hakuna mtu kambini anayekujua. Wakinipa pole wananipa pole ya mtu yeyote. Kwa hiyo naandika wazi, atakayesoma asome. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliiacha mapema, wewe ukaendelea, na ulikuwa unanicheka kwamba herufi zangu zinalala kama watu waliolewa rubisi.

Mkeo, shemeji Leokadia, ameniandikia. Anasema walipomaliza kukuzika kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani Muleba, ukoo wote ulisimama kando ya kaburi, picha ikapigwa. Kati ya Koku, binti yangu, na msalaba wako wameacha nafasi. "Shemeji," ameandika, "tumekuachia mahali pako kama alivyokuwa akifanya marehemu. Ile picha yako ya zamani imechakaa. Piga nyingine hukohuko, usimame, mwanga utoke kulia, utuletee tuibandike."

Ameiweka picha yenyewe ndani ya bahasha. Nimeiona hiyo nafasi. Pale ninapotakiwa kuwa mimi inaonekana migomba.

Sijaenda kupiga picha. Kabla sijamjibu shemeji nataka tuongee kwanza mimi na wewe, maana jambo hili ulilianza wewe.

Unaikumbuka studio ya Bukoba, ile ya nyuma ya duka la vitambaa? Mimi nilikuwa napakia kahawa bandarini, nikimaliza zamu napita kukutazama ukifanya kazi. Mwenye studio, yule mzee wa mjini, alikuwa na sheria zake na hakutaka ziguswe. Mtu akae wima. Mikono kwenye magoti. Masikio yote mawili yaonekane. Viatu lazima, asiye navyo aazime vya studio, ambavyo vilikuwa vikubwa kwa kila mtu. Kucheka marufuku. Na uhuru ulipokuja akachorewa pazia la Mlima Kilimanjaro wenye mwenge juu yake, ikawa kila mkulima wa Buhembe anayekuja kupigwa picha anaonekana amekaa chini ya Kilimanjaro.

Wewe sheria hizo zilikuwa zinakukaba. Mzee akienda kuswali, unaligeuza pazia lionekane upande wake mtupu. Siku moja ulimpiga mzee wa Kagondo akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anasikiliza kitu. Kwangu mimi ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Alipokuja kuichukua aliiangalia, akaigeuza, akaangalia nyuma ya karatasi.

"Kijana, sikio langu jingine umelipeleka wapi?"

"Lipo mzee, limekaa upande wa pili."

"Nilikuja hapa na masikio mawili. Watu wa nyumbani watasema nilikatwa Bukoba."

Ulimpiga upya, masikio yote mawili, mikono kwenye magoti. Ile ya kwanza uliitunza. Uliniambia mtu akikaa kama sheria inavyotaka, unachopata ni nguo zake tu. Sikukuelewa vizuri wakati ule. Nilikuwa nawaza safari.

Nilikuja huku mkonge kwa msimu mmoja, nipate mabati ya nyumba ya mama. Hayo unayajua. Koku alikuwa bado ananyonya. Mama yake alichoka kunisubiri, akarudi kwao, akaolewa kwingine. Simlaumu. Mtoto akabaki kwa mama yetu.

Uhuru ulikuwa bado mpya mama aliposema anataka picha ya watoto wake wote pamoja, kabla hajafa. Ukamwambia mmoja yuko mbali. Akajibu, "Basi msubirini." Mkasubiri. Nikaandika kwamba nitakuja, sikuja. Nikaandika tena, tena sikuja. Ndipo ukaamua kuvunja sheria kubwa kuliko ile ya masikio.

Barua yako ya siku zile naikumbuka. Uliniambia nitafute mpiga picha, nikae kwenye kiti, shuka jeupe nyuma yangu. Nisiazime koti. Nivae shati ninalofanyia kazi. Nisitazame kamera, nitazame upande wa kushoto, kama mtu aliyesikia anaitwa na mama yake. Na mwisho ukaandika: "Bega la kushoto lishushe kidogo. Kuna mkono unakuja juu yake."

Nilikwenda kwa yule bwana wa sokoni Korogwe mwenye kamera ya kujifunika kitambaa. Wenzangu wa kambini walinisindikiza kuja kucheka.

"Bwana we, tazama hapa!"

"Nimeambiwa nisitazame."

"Umeambiwa na nani?"

"Na kaka yangu."

"Yuko wapi huyo kaka yako?"

"Bukoba."

"Basi akakupige yeye huko Bukoba! Mimi watu wananitazama. Na hilo bega mbona limeanguka?"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikabaki hivyo hivyo, natazama kushoto, bega chini, namsikiliza mama.

Mlichofanya nyinyi huko ulinisimulia baadaye. Mama alikaa, na kando yake ukaweka kiti changu. Mkono wake haukujua pa kukaa. Hewani ulitetemeka, kwenye egemeo la kiti ukawa chini mno. Ukaenda kwenye duka la jirani ukaazima gunia la kahawa, ukalisimamisha kwenye kiti, ukalikunja mdomo mpaka likafika urefu wa bega langu. Ulikuwa unaukumbuka urefu wangu nikiwa nimekaa, kaka. Mama akaweka mkono wake juu ya gunia. Koku alikuwa mapajani kwake, akaliegemea naye. Mama alivua vile viatu vya kuazima akasema vinamuuma, na mwenye studio akaguna, wewe ukasema apigwe hivyo hivyo, miguu mitupu.

Halafu ukanikata kwa wembe kutoka kwenye picha ya Korogwe, ukanibandika mahali pa gunia, ukafifisha kingo kwa penseli, ukaipiga upya picha nzima.

Niliipokea nikiwa kwenye foleni ya kugonga kipande, ile kadi yetu ya kazi. Niliitazama mpaka mnyapara akanifokea. Mkono wa mama uko begani kwangu. Mwanangu ameniegemea. Nilihisi uzito wake, kaka. Sisemi kwa kupamba, nilijigusa bega.

Ila kulikuwa na kitu hakijakaa sawa, na sikukiona mpaka mama alipokisema. Kila mtu kwenye picha ile ana kivuli sakafuni. Hata kiti kina kivuli. Mimi sina. Mama akakuambia, "Mbona huyu umemwacha bila kivuli? Mtilie." Ungeweza, kwa penseli tu. Ukamjibu, "Kivuli atakuja nacho mwenyewe."

Nilipolisikia neno hilo nilikasirika. Nilisema huyu anajifanya nani, yeye anakula ebitoke, ndizi za nyumbani, na samaki kila siku, hajui kisu cha mkonge kinavyopinda vidole. Sikukuandikia kwa muda mrefu.

Picha ikatundikwa ukutani. Na hapo ndipo niliponaswa.

Zamani watu walikuwa wanakuja kwa mama wanauliza, "Yule wa Tanga harudi?" Baada ya picha maswali yakapungua. Aliyeingia alinikuta nimekaa. Wageni walionisalimia ukutani wakaondoka wameridhika. Ilipokuja siasa ya vijiji na mashamba ya pamoja, balozi mpya wa nyumba kumi alipita kuhesabu wanaume wa kulima. Ulinisimulia mwenyewe.

"Mama, na huyu?"

"Huyo yuko Tanga, waitu."

"Tanga vipi, na hapa umemshika bega?"

"Hapo palikuwa na gunia."

"Mama, usinifanyie mchezo. Watu wote wanaficha vijana wao. Jumatatu aje na jembe."

Jumatatu hiyo jina langu liliitwa shambani, na ukaenda kulima wewe badala yangu, ukasema mimi naumwa, watu wanakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Tulicheka wote kwa barua. Lakini sasa nikifikiri, balozi yule alikuwa mtu wa mwisho kunitaka niwepo kwa mwili.

Baadaye ukazoea. Kipaimara cha Koku, nipo. Harusi ya Koku, nipo nyuma ya bibi harusi, natazama pembeni. Maziko ya mama, nipo, umenikata kifuani na kunipanga nyuma ya watu. Zote kwa picha ile ile moja. Koku anakua, mama anazeeka, wewe unapata mvi, mimi nimevaa shati lile lile la Korogwe na mashavu ya ujana. Hata kwenye kaburi la mama nimetazama kushoto kama mtu anayeitwa, na aliyekuwa akiniita ndiye aliyemo mle ndani.

Sikurudi kwa sababu nyingi na zote ni za kweli. Kipande kikiwa hakijajaa huondoki. Kikijaa, nauli ya treni na meli imeliwa na deni la duka la kambi. Azimio lilipotangazwa na shamba likawa mali ya umma, tuliimba, tukasema sasa mambo yatalegea. Miiba ya mkonge haikubadilika. Halafu nikaanza kukohoa. Halafu nikaona aibu. Mtu wa ukutani ni kijana, amekaa vizuri, bega lake limeshikwa. Nikishuka gatini Bukoba leo nitaingiaje nyumba ambayo mimi nimo tayari? Watu watanilinganisha naye, na yeye ndiye watakayempenda.

Na ipo sababu moja ya mwisho, ambayo ndiyo inanifunga kuliko zote.

Koku aliniandikia alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Barua nzuri, ana mwandiko kama wako. Akasema: "Baba, watu wanasema hukuwepo nilipokuwa mdogo. Mimi nawaambia nakumbuka. Siku ile ya picha nilikuegemea. Ulikuwa unanukia kahawa."

Niliisoma nimesimama, nikatafuta pa kukaa.

Hilo ndilo pekee alilonalo kwangu. Harufu. Na harufu yenyewe si yangu, ni ya gunia la jirani. Wewe ulijua, mama alijua, mmeondoka nyote. Nimebaki mimi. Nikirudi nikanuka kama nilivyo, jasho na maji ya mkonge yasiyotoka hata kwa sabuni, mwanangu atamkosa baba aliyemkumbuka. Nisiporudi, ataendelea kunipenda kwa kosa. Nimezunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, kaka, na kamba sijui nianze kuikata wapi.

Lakini jana nimeitazama tena hii picha ya maziko yako. Aliyepiga hana mkono wako. Watu wamesimama wima, masikio yote mawili, kama askari. Kitu kimoja tu ndani yake kina uhai, nacho ni pale palipoachwa wazi. Mkono wa Koku umetangulia kidogo kuelekea pale, vidole vimefunguka, na safari hii hawakuweka gunia. Ameshika hewa. Mtu yeyote atakayeitazama, hata asiyetujua, atauliza: hapa ni pa nani?

Nimemjibu shemeji. Nimemwambia asante, na nimemwambia sitapiga picha. Waitundike ilivyo, nafasi ibaki nafasi, na wasikubali fundi yeyote aizibe. Atasikitika. Atasema nimekataa heshima ya mumewe, baba mkubwa wa Koku, sijui. Wewe utanielewa. Wewe ndiye uliyemnyima mama kivuli changu, na ulimpenda kuliko sisi wote.

Koku nimemwandikia mistari michache. Kuhusu kahawa sikumwambia. Nilichomwambia ni kwamba ule mkono wake nimeuona.

Kama nitapata nauli, kama kifua kitaruhusu, sijui. Sitaki kukuahidi wewe pia kama nilivyomwahidi mama. Ila kwa mara ya kwanza tangu ulipotundika ile picha, kuna mahali nyumbani kwetu ambapo sipo na panaonekana.

Pumzika, kaka. Mahali ulipo nadhani hawakulazimishi kuvaa viatu. Mimi kesho naamka na wenzangu kama kawaida. Bega langu la kushoto lilibaki chini tangu siku ile ya Korogwe, halijapanda tena. Wao wanadhani ni mizigo.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemkumbuka urefu.