Wimbo Ulioupa Jina Langu

Mpendwa mdogo wangu Odeta,

Albamu yako imefika Gungu. Binti yangu Rehema aliinunua Dar es Salaam baada ya kuiona picha yako kwenye kasha, umekaa mbele ya piano, kichwa umekiinamisha kushoto kama ulivyokuwa ukifanya kanisani kwetu. Alinikabidhi, akaenda zake jikoni. Nikaiweka kwenye redio, nikakaa kusikiliza.

Mume wangu si mtu wa muziki. Miaka yote hii ninayopiga piano ya kanisa hajawahi kuniambia kama nimepiga vizuri au vibaya. Siku hiyo alikuja na gazeti lake, akalikunja, akasikiliza nyimbo tatu nzima. Wala hakuna anayeimba humo. Ni piano yako, besi na ngoma, watu watatu ndani ya studio, na mahali fulani mmoja wenu anasikika akicheka kidogo kabla hamjaanza.

"Huyu ndiye yule mtoto wa Kirundi aliyekaa kwa baba yenu?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Anajua."

Neno hilo moja lilinichoma. Nikazima redio, nikamwambia umeme ni mdogo.

Siku mliyofika, wewe na shangazi yako Goreti, mlishuka kwenye boti asubuhi pamoja na watu wengi waliobeba masufuria na magodoro. Baba, mkatekista wetu, alikuwa ametumwa na padri kuwapelekea uji. Alirudi nyumbani na nyinyi wawili kwa sababu shangazi yako alikuwa anatetemeka kwa homa. Ulitusalimia, "Amahoro," kisha siku mbili hukusema neno jingine. Ukalala chumbani kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe kumi na minne. Nilikugawia godoro langu na khanga yangu, na nilikupenda. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Ile piano iliyoachwa na wamisionari niliihesabu kuwa yangu. Sista mmoja alinifundisha miaka minne kusoma noti, akahamishwa, nikabaki peke yangu parokiani ninayeijua. Watu wa Mwandiga waliokuja misa walikuwa wakinionyesha kwa watoto wao na kusema, mwone yule dada. Jumamosi moja ulinifuata mazoezini, ukakaa pembeni yangu kwenye benchi. Nikapiga wimbo wa sadaka mara moja, taratibu, nikikazia macho kitabu.

"Dada Leokadia, naomba nijaribu," ukasema. Uliniambia shule aliyofundisha baba yako ilikuwa na piano.

Mkono wako wa kulia uliupiga wimbo kama ulivyoandikwa. Wa kushoto ulikwenda kwingine kabisa, ukachelewa, nikadhani umepotea, kisha ukaingia mahali ambapo sikuwahi kujua kwamba pana nafasi. Wanakwaya waliokuwa wakipiga soga mlangoni walinyamaza. Baba akasema, "Kesho Odeta atupigie wimbo wa sadaka." Haukupita mwezi, ukawa unapiga misa nzima, na mimi nakufunulia kurasa za kitabu ambacho hukukitazama hata mara moja.

Nilitabasamu kila Jumapili. Nyumbani nilikusuka nywele, na nikizivuta kwa nguvu ulisema, "Pole pole, dada," nami nikijifanya sikukusudia.

Sasa nikueleze ya Jumatano ile. Wewe na shangazi yako mlikuwa mmekwenda Ilagala kununua unga wa muhogo. Mimi nilikuwa nafagia kanisa. Akaingia bwana mmoja mtu mzima, mwalimu wa chuo cha muziki, aliyekuja Kigoma na wageni waliokuwa wakitembelea wakimbizi. Alikuwa amesikia habari zako.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Namtafuta msichana mkimbizi anayepiga piano hapa. Chuoni kwetu tunaweza kumpatia nafasi."

Odeta, nilijua uko wapi. Nilijua ungerudi jioni ileile. Nikamjibu, "Ameshapelekwa kambini. Sijui kambi ipi."

Akauliza kama kuna anayejua. Nikasema hakuna. Akaniambia atakuwepo mjini hadi Ijumaa, kama nikisikia lolote. Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote. Mliporudi, mna vumbi hadi kwenye kope, ukaniuliza kama kuna mgeni aliyekuja, maana jirani alikuwa ameona gari. Nikasema, "Walikuwa watu wa padri."

Wiki tatu baadaye uongo wangu ukawa kweli. Wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini walikusanywa, na nyinyi mkapandishwa kwenye lori. Miaka miwili ukakaa kambini bila piano. Nilikuja kukuona mara moja, unakumbuka, nikakuta viganja vyako vimepasuka kwa jembe na kuni. Uliniuliza, "Ile noti ya chini iliyokuwa inakwama, wameitengeneza?" Nikasema bado. Nilikuwa nimekuja kukwambia yote. Nikakuachia sabuni na samaki wakavu aina ya migebuka, nikapanda gari nikarudi.

Baadaye kanisa la kambini likapata kinanda kidogo cha umeme, wageni wengine wakakusikia, ukaondoka kwenda Ulaya. Watu husema ulichoandikiwa utakipata tu, nami nilijifariji hivyo kwa muda mrefu. Lakini miaka miwili ile niliichukua mimi.

Kisha naisoma orodha kwenye kasha, na wimbo wa tano unaitwa "Leokadia". Chini yake umeandika: kwa dada aliyenipisha kwenye benchi.

Nimeupeleka wimbo huo kanisani. Siku nne nimejaribu kuupiga, nikiwa nimefunga mlango. Siuwezi. Una jina langu na siuwezi, na badala ya kushukuru nilikasirika, nikafunga piano kwa kishindo hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Juzi nilimweleza baba. Sasa haoni vizuri, lakini akili yake ni ileile. Akasema, "Mwandikie. Usiniombe mimi nikusamehe kwa niaba yake."

Basi nimeandika. Ukitaka kuubadilisha jina wimbo huo, ubadilishe, ni haki yako. Sitakudanganya kwamba wivu umeniisha kwa kukiri. Nikisikiliza wimbo huo, kuna mahali unachelewa, na yule wa besi anakungoja. Hana haraka. Anajua utarudi. Miaka yote nilidhani nakuonea wivu wewe, vidole vyako, sifa zako. Namwonea wivu yeye. Anakaa karibu yako, anakusikia kabla ya watu wote, na hakuhitaji kukufukuza ili aweze kupiga. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo kwanza.

Uwe mzima huko uliko. Shangazi Goreti umsalimie, kama bado utapenda kumpa salamu zangu.

Ni mimi dada yako,
Leokadia wa Gungu