Nishai ya Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Kamusi imefika herufi N. Nimepewa "nishai". Mhariri mkuu anasema ni ulevi, basi, tusonge mbele. Mzee wa meza ya pili akabisha: ni ule uchangamfu wa aliyekunywa, si ulevi wenyewe. Na asili yake? Huyu Kiarabu, yule Kiajemi. Nusura washikane mashati.  Mimi nimelisikia kinywani mwa mtu mmoja tu.

Jumanne, 5 Machi
Kaka kashinda karakana, anapiga randa. Kimya. Tangu daktari amwambie akirudia pombe atakufa, ameacha — na kuimba kaacha. Zamani jirani alilalamikia kelele. Leo kaniuliza kama kaka amehama. Nikacheka. Halafu nikaingia bafuni nikalia.

Alhamisi, 7 Machi
Kanuni ya ofisi: mfano wa sentensi hautungwi. Lazima uwe umetamkwa na mtu, na mtu huyo ahojiwe. Nani mwingine? Nimemuuliza kaka tukila.  Akaanza, taratibu. Si kichwa kuzunguka, mdogo wangu, huko ni kulewa. Nishai inatangulia. Mabega yanakuwa mepesi, mbao inanukia, unawapenda watu wote, hata mashemeji. Nikamuuliza inaanzia wapi mwilini. Na koo linahisi nini? Kanieleza yote. Nilikuwa naandika mbio mbio, nimefurahi kama mjinga. Chakula chake kikapoa. Nikaona, nikaendelea kuuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Mfano umepita! "Nikiwa na nishai, randa inakwenda yenyewe." Hata wabishi wawili wamekubaliana, ajabu ya mwaka. Asili bado wanagombania. Mhariri kauliza, kama anavyouliza kila mfano, msemaji yu hai? Nikasema yu hai, ni ndugu yangu. Nilisema kwa maringo.

Jumamosi, 9 Machi
Kaka hajagusa chakula. Kauliza kama neno lake limekubaliwa. Nikasema limekubaliwa. Akatikisa kichwa, akasema nilikuwa nimesahau, mdogo wangu, wewe umenikumbusha. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Naogopa.

Jumapili, 10 Machi
Nilikuwa natoka sokoni. Nikausikia wimbo tangu njiani — ule mama aliokuwa akituimbia akifua nguo. Nikaanza kukimbia, nyanya zikamwagika, nikaziacha. Kaka yuko karakana, maranda yamemfika vifundoni, randa inakwenda. Chupa iko juu ya meza, nusu. Hata hakuificha. Na uso wake ni ule wa zamani. Mungu wangu, nilivyoukosa uso ule. Akaniita: njoo uitikie, au kamusi imekula sauti yako?

Nikachukua chupa nikamwaga. Hakunizuia. Alicheka tu, akasema iliyo ndani yangu hutaimwaga.

Nimeingia ndani kumpigia daktari. Simu inaita, haipokelewi. Naandika huku nasubiri, mikono lazima ifanye kitu. Mimi ndiye niliyemuuliza koo linahisi nini. Mimi.

Huko nje kafika kwenye kiitikio. Kanyamaza, kaniachia nafasi yangu, kama tulipokuwa wadogo. Simu bado inaita. Karudia ubeti. Kanyamaza tena, ananisubiri. Sauti yake imeanza kukwaruza. Mdomo wangu umeshafunguka, kiitikio kinanitoka, na —